Meno Mawili Aliyoyanyoosha Bibi

Wenzangu mliozaliwa kabla reli haijafika Dodoma, mtanisahihisha nikikosea. Tulikuwa wadogo pale Zuzu, Mjerumani ndiye serikali, nasi kazi yetu kufinyanga ng'ombe wa udongo na kula ugali wa uwele kwa mlenda uliotiririka mpaka kwenye kiwiko. Watoto wa siku hizi ukiwapa mlenda wanauliza kama ni dawa.

Mimi nilikuwa na aibu yangu. Meno mawili ya chini ya ukubwani yaliota nyuma ya yale ya utoto, nikawa na safu mbili, na wenzangu wakinicheka kila nikipiga miayo. Bibi, mama yake baba, akayang'oa yale ya utoto, kisha akaanza kunyoosha mapya. Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, alinikalisha kati ya magoti yake, akapaka samli kidoleni, akayasukuma mbele polepole huku akiniuliza nimeota nini. Baba, aliyeokota Kiswahili kwa vibarua wa reli, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki simjui," Bibi akamjibu. "Jino nalijua."

Mvua zikapita, meno yakasimama wima. Nilijivuna mno. Kumbe katika furaha ile tulisahau mila: kwetu Wagogo, mtoto akifikia umri, meno hayohayo mawili ya chini hung'olewa. Bibi alikuwa na pengo, mama alikuwa nalo, na asiye nalo alionekana mgeni.

Siku ya kung'olewa, Bibi ndiye aliyenishika kichwa. Mzee wa kazi hiyo akasogea na chuma chake. Bibi akanifungua kinywa, akayatazama yale meno kwa muda mrefu, halafu akanifunika midomo kwa kiganja.

"Huyu basi," alisema.

Mama akaanza kulia. "Mama, nani atamwoa?"

"Mwenye macho."

Nilichekwa miaka mingi, na Bibi alisemwa visimani mpaka alipofariki. Hakujitetea hata siku moja. Nampenda hadi leo.

Sasa mjukuu wangu wa mjini, mwenye miaka minane, amefungwa nyaya menoni. Yananyooka vizuri kuliko yangu, sibishi. Juzi nilimwuliza anayemnyoosha anaitwa nani. Akasema, "Daktari." Jina lake? Hajui, wala daktari hakosi usingizi kwa hilo. Mimi aliyeninyoosha alikubali kusemwa na kijiji kizima kwa ajili ya meno mawili.