Mafuta ya Jiwe katika Cherehani ya Mjomba

Cherehani ya mjomba wangu iligoma siku mbili kabla ya Idi. Yeye alikuwa fundi wa nguo hapa Kasongo, Mwislamu kama ukoo wote wa mama, na kanzu tatu za watu zilikuwa bado vipande. Gurudumu halikuzunguka hata tulipolisukuma wawili. Kila asubuhi aliitia mafuta safi ya mawese. Kwake, kitu kinachonenepesha watoto hakiwezi kudhuru chuma. Siku hiyo akaiongezea.

Mchuuzi aliyemuuzia cherehani hiyo aliitoa Kigoma, kwa Waingereza, pamoja na kijitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni. Nilijua Kifaransa kidogo na Kilatini cha misa, Kiingereza hapana. Lakini karibu na picha ya matundu ya mafuta niliona neno moja: petroleum. Nikalinakili kwenye kibao changu cha shule, herufi kwa herufi, nikampelekea mwalimu wangu wa zamani.

Akafungua kamusi yake ya Kifaransa penye pétrole.

“Wafaransa na Waingereza wote walilitoa kwa Kilatini,” akasema. “Petra ni nini?”

“Jiwe.” Ndilo jina la mtume Petro.

“Na oleum?”

Hilo nililisikia kila padri alipokwenda kumpaka mgonjwa. Mafuta. Basi yalitoka kwenye mawe chini ya ardhi, si kwenye mchikichi kama mawese, na yalikuwa nyumbani kwetu, ndani ya taa: ndiyo petroli, kama tulivyoyaita mafuta ya taa.

Niliporudi, wenye kanzu walikuwa wamekaa wakingoja. Kwa kawaida nilisema nikitazama chini. Siku hiyo sikutazama chini.

“Mujomba, mawese ndiyo imeikamata. Imeganda mule ndani. Tutie petroli.”

“Petroli ya taa? Unataka kuchoma mashini yangu?”

“Iko mafuta ya jiwe. Kitabu kinasema.”

Mteja mmoja akacheka. “Jiwe! Enda ukamue lile la mulangoni, mutoto wa misheni!”

“Baba, unataka kanzu ao unataka kucheka?” nikamwuliza.

Mjomba akaniangalia, kisha akaifungua taa mwenyewe. Tulidondosha petroli katika kila tundu, ukatoka ute mwekundu wa mawese uliochanganyika na weusi. Tukafuta, tukatia tena. Adhuhuri gurudumu lilizunguka kwa kidole kimoja.

Mjomba hakunisifu. Alichukua vipande vya kanzu ya yule mcheshi, akaviweka chini kabisa ya fungu.

“Yako ya mwisho,” akamwambia. “Lakini Idi utaivaa.”