Mashine ya Fernande na Mlango wa Madam Poulin

Tarehe 11 Desemba. Theluji ilianguka usiku kucha, kavu na nyepesi, ikakatika kabla ya alfajiri. Upepo wa kaskazini-magharibi. Baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Fernande Rodrigue alikunywa kahawa yake wima dirishani, akiutazama uwanja uliojaa weupe. Mumewe, Normand, alikuwa mezani akipaka mkate siagi.

"Leo ni leo," Normand akasema.

"Asemaye kesho ni mwongo," Fernande akamalizia, akaketi kuvaa buti.

Tangu ujana wake Fernande alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Alipowauza alibaki na trekta, na trekta halijui kustaafu. Basi kila majira ya baridi alisafisha njia za magari za nyumba za barabara ya mlimani, hapo kijijini Sainte-Ludivine, kwa bapa la chuma lililofungwa mbele ya trekta. Alikuwa akiisukuma theluji mpaka pembeni, akiilundika juu ya bustani zilizolala, kisha akienda zake. Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa akiwavunjia miti yao ya uani, wala hakuwa na maneno mengi.

Nyumba moja tu ilimshinda, ya Madam Poulin. Njia yake inateremka kutoka barabarani mpaka mlango wa gereji, na mlango wa nyumba uko ubavuni pake. Kushoto kuna ukuta wa mwamba, kulia madirisha. Ukisukuma theluji kuteremka, unampelekea mwenye nyumba mlangoni. Ukitaka kuisukuma kupanda, sharti kwanza trekta lishuke mpaka chini, lipite juu ya theluji yenyewe, kisha ligeuke mahali ambapo hata baiskeli haigeuki.

Na Madam Poulin, ajuza wa miaka themanini na sita, alikuwa mtu wa kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Basi dogo la wagonjwa lilikuwa likimfuata mlangoni. Matairi yasipofika mlangoni, dereva alikuwa na amri ya kugeuka. Baridi iliyopita aligeuka mara moja, na kesho yake Madam Poulin akaondoka kwa ambulensi. Tangu hapo binti yake, Mireille, alitafuta chumba katika nyumba ya wazee mjini, akakipata, akaomba wamwekee. Mwezi wa Oktoba alimpigia Fernande simu.

"Dhoruba ya kwanza, Madam Rodrigue," alisema bila ukali. "Basi likifika mlangoni, mama anabaki. Lisipofika, nakuja na masanduku."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema atajifungia chooni."

Hivyo Fernande akaanza kutafuta mashine. Mtu mwingine angekwenda dukani, akaonyeshwa, akanunua. Yeye alikuwa na tabia ya kutaka kujua kitu kinafanya nini hasa kabla ya kukipeleka nyumbani. Hata ng'ombe, zamani, alikuwa akisimama nao saa nzima kabla ya kusema neno kwa muuzaji. Muuzaji wa matrekta alimwonyesha mashine ya kurushia theluji ya kufungwa mbele: kinywa kipana, ndani yake parafujo kubwa la kutafuna, na juu shingo ndefu ya chuma ya kutupia theluji mbali.

"Hii unaona kila unachofanya, Madam," muuzaji akasema. "Wala shingo yako haiumi kwa kugeuka nyuma."

"Mlangoni inafanyaje?"

"Inakwenda mpaka mlangoni."

"Inakwenda ikisukuma. Ikifika, ile iliyo mbele ya kinywa inabaki wapi?"

Muuzaji akacheka kidogo. "Inabaki mkono mmoja hivi. Ni ya koleo tu hiyo."

"Koleo la nani?" Fernande akauliza, na hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua. Muuzaji akaangalia simu yake.

Lingine ni kwamba mashine hiyo ilitaka trekta lenye nguvu ya kuzungusha vifaa upande wa mbele, na lake lilikuwa na nguvu hiyo nyuma tu. Kuchagua mashine kukawa kuchagua trekta pia. Kulikuwa na aina nyingine ya kufungwa nyuma, ambayo dereva huisukuma kinyumenyume siku nzima huku amepinda kama anayetafuta kitu mgongoni. Fernande alijaribu kukaa hivyo kitini pa trekta, kwa muda wa kusikiliza taarifa ya habari, akateremka akishika kiuno.

Wiki hiyo Normand alirudi nyumbani akamkuta mkewe amemwaga unga mezani. Bati la mkate lilikuwa nyumba, vitabu viwili vilikuwa ukuta wa mwamba, na Fernande alikuwa akiusukuma unga kwa kisu kuelekea batini.

"Unapika au unalima?" Normand akauliza.

"Angalia. Kisu kinaupeleka mlangoni. Sasa angalia kijiko." Akakigeuza kijiko, akakishusha kwenye bati lenyewe, akakivuta kwake. Unga ukatoka mlangoni ukafuata kijiko. Akauteka, akaurudisha katika mfuko wa unga. Meza ikabaki safi.

Normand alikaa akavua kofia. "Mchagua jembe si mkulima, mke wangu. Mwezi mzima sasa. Wenzako wananunua, wanafunga, wanafanya kazi."

"Wenzangu hawana mlango wa Madam Poulin."

"Nunua ya mbele tu. Ukishindwa, ulaumu duka."

"Na yeye akalaumu nini, akiwa mjini kwenye kile chumba?"

Normand alichovya kidole katika unga, akaulamba, akasema unahitaji chumvi.

Kijiko kile kilikuwa kweli mashine ya aina ya tatu, ambayo wasafishaji wengi wa njia za nyumba huko ndiyo wanayoipenda. Hufungwa nyuma ya trekta lakini kinywa chake kinatazama mbele, na hulifuata trekta kama ndama amfuatavyo mama yake. Dereva huiinua, anarudi nyuma mpaka mlango wa gereji, anaishusha pale pale, kisha anaondoka kwa mbele. Theluji inavutwa kutoka mlangoni na kurushwa pembeni. Fernande aliikuta moja iliyotumika uani kwa muuzaji yule yule. Akalala chini ya mashine juu ya gunia, akautazama mnyororo, akazungusha parafujo kwa mkono, akapima upana wa kinywa, uwe mkubwa kuliko trekta lake kutoka ukingo wa nje wa tairi moja mpaka wa jingine, maana tairi likitokeza nje ya kinywa hukanyaga theluji ikawa jiwe. Ulitosha. Akainunua.

Sasa, asubuhi ya dhoruba ya kwanza, alifika kwa Madam Poulin kabla ya nyumba nyingine zote. Alirudi nyuma taratibu kuteremka, minyororo ya matairi ikiuma chini, kinywa cha mashine kikiwa juu. Alipouona mlango wa gereji kwenye kioo akakishusha kwa upole mpaka kikagusa lami. Akalipeleka trekta mbele. Nyuma yake sauti ikabadilika, ikawa nzito, na shingo ya chuma ikatoa mkuki wa theluji uliopaa juu ya ukuta wa mwamba na kupotea upande wa pili. Alipofika barabarani akageuka kutazama. Lami ilionekana nyeusi mpaka kizingitini. Hakuna hata teko moja la koleo lililobaki. Alirudi mara mbili nyingine kwa ajili ya kingo, pengine mara moja zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu alitaka kuona tena.

Madam Poulin alifungua dirisha, amejifunga shali.

"Fernande! Nimeanza kupanga chakula cha kwenda nacho chooni."

"Kirudishe kabatini, Madam."

Basi dogo lilikuja, likateremka, likasimama mlangoni. Madam Poulin aliingia akiwa ameshika mkoba wake kifuani, na dereva akampungia Fernande mkono.

Hapo ndipo Gaston Lachance alipotokea barabarani, kofia ya pajama ikiwa bado kichwani. Gaston alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta wa mwamba.

"Njoo uone," alimwambia Fernande. "Usizime, acha tu lingurume. Njoo."

Huko, kama wenye nyumba wote wa kijiji, Gaston husimamisha hema jeupe la gari kila vuli, ili gari lipate pa kulala mpaka Aprili. Hema lake lilikuwa limekaa kitako. Theluji yote ya Madam Poulin ilikuwa juu yake, nguzo zimepinda, na kwenye upenyo wa turubai kilionekana kioo kimoja cha gari, kama jicho la mtu aliyefunikwa blanketi.

"Nimekaa hapa maisha yangu yote," Gaston akasema. "Nimeona theluji ikianguka kutoka mbinguni. Kutoka kwa Madam Poulin, leo ndiyo mara ya kwanza."

Fernande akakumbuka meza, bati na vitabu viwili. Unga alikuwa ameuteka kwa kijiko na kuurudisha mfukoni. Mwezi mzima alichunguza mashine inakula vipi, na hakujiuliza hata mara moja inatema wapi. Kulia kulikuwa na madirisha, na mbele barabara, ambayo kisheria hairushiwi theluji. Palibaki kwa Gaston tu, na kumrushia mtu theluji katika ardhi yake bila ruhusa ni jambo ambalo huko watu huacha kusalimiana kwa ajili yake mpaka kizazi cha pili.

"Kosa ni langu, Gaston. Hema nitalitengeneza."

"Tengeneza. Lakini keshokutwa basi likija tena kumchukua huyo bibi, usinirushie hata punje. Ukuta wangu, upande wangu."

Mireille alifika mchana. Alikuwa amekwisha kuzungumza na dereva wa basi, kwa hiyo alishuka garini uso umekunjuka. Akaiona njia nyeusi, akaliona na hema.

"Na dhoruba ijayo?" akauliza.

Fernande angeweza kusema lolote. Mama mtu alikuwa amekwisha kurudi, amekaa jikoni, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Dhoruba ijayo sijui," akasema. "Mashine inaweza. Pa kuitupa theluji sina, mpaka Gaston akubali."

"Gaston hajawahi kukubali kitu," sauti ya Madam Poulin ikatoka jikoni. "Hata arusi yake alilazimishwa."

Mireille alishusha pumzi. "Madam Rodrigue, kuhusu kile chumba wanataka jibu kesho."

Fernande akapanda tena kwa Gaston. Hakwenda kumbembeleza, hakuwa hodari wa hayo. Alizunguka hema akitazama theluji ilivyoangukia, wapi ilikuwa nzito na wapi upepo uliitandaza. Gaston alimfuata nyuma nyuma na koleo mkononi.

"Umepoteza nini?"

"Natazama ilianguka wapi. Nyingi iko upande huu. Nilirusha chini mno." Akanyoosha mkono. "Kule nyuma ya hema kuna nini chini?"

"Shamba la viazi la mke wangu."

"Kama ingepita juu ya hema, ikaanguka kule?"

"Haiwezi kufika."

"Unajua, au unadhani?"

Gaston alilitazama shamba, akalitazama hema, akakuna shingo. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye naye angependa kujua. "Nadhani," akasema.

"Basi tujaribu. Wewe simama hapa hapa. Ikikugusa, sirushi tena kwako, na Mireille ataleta masanduku."

Gaston alikwenda ndani akarudi amevaa koti la kuwindia. Fernande akashuka, akarudi nyuma kwenye tuta lililobaki kando ya gereji, akashusha kinywa. Mdomoni mwa shingo ya chuma kuna kifuniko kinachoelekeza theluji; ukikiinamisha inaanguka karibu, ukikiinua inakwenda mbali. Mara ya kwanza ilianguka kwenye kona ya hema, na Gaston akapaza sauti kwamba hiyo anaihesabu. Fernande akakiinua kifuniko mpaka mwisho, akaongeza mwendo wa injini, akavuta. Safari hii alilisimamisha trekta, akapanda juu ya ngazi yake ili achungulie ng'ambo ya ukuta.

Gaston alikuwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa akitembea kuelekea shamba la viazi, ambako vumbi jeupe lilikuwa bado linatua. Akafika, akachoma koleo katika lundo jipya.

"Viazi vitachelewa," akapaza sauti.

"Wiki moja?"

"Mbili. Lundo hili halitayeyuka mpaka Mei. Mwambie Mireille nitakwenda kula kwa mama yake viazi vya dukani, ni kosa lake."

Fernande alishuka akamwambia Mireille maneno hayo kama yalivyo. Mireille akatoa simu, akatoka nje kwenye lami, na Fernande akamsikia akimwambia mtu wa mjini kwamba chumba wampe mwingine.

Jikoni Madam Poulin alimwekea Fernande bakuli la supu ya njegere.

"Nasikia umeichagua mashine kwa kutumia unga," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Wa ngano?"

"Wa ngano."

"Mimi ningetumia sukari," Madam Poulin akasema. "Theluji ya mwaka huu ni kavu."

Fernande alikiweka kijiko chini, akafikiri, akaona kwamba ajuza huyu ana hoja.

Kesho yake asubuhi kulikuwa shwari, mbingu samawati. Fernande alikwenda kwa Gaston na nyundo, na mabomba mawili aliyoyatoa katika zizi la ng'ombe la zamani. Wakazichomoa nguzo zilizopinda, wakazilaza juu ya theluji. Kabla ya kuanza kuzinyoosha alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila mpindo, akamuuliza Gaston kwa nini zote zimekunjika katikati, hata moja isikunjike kwenye maungio. Gaston alisema hajui. Naye akapiga magoti.