Mzee Alipokufa Nilikuwa Nakata Tairi

Sisi watu wa rika langu tukikaa nje ya kanisa tukingoja mazishi yaanze, maana siku hizi tunakutana zaidi kwa mazishi, lazima mmoja aulize: wewe ulikuwa wapi siku Mzee alipokufa? Hapo kila mtu anachangamka. Mmoja alikuwa Mwingi anapakia ng'ombe kwa lori, dereva akaacha mlango wazi akakimbilia redio, na ng'ombe wakaingia sokoni wakala mboga za watu. Mmoja, mama mzee wa kwaya, alikuwa anasonga ugali na hakumbuki kama uliliwa. Ikifika zamu yangu nasema, nilikuwa Makindu, nakata tairi. Basi. Wanaona hakuna hadithi hapo, wanamwendea mwingine.

Hadithi iko. Ni kwamba haisemeki mbele ya watu wanaokula mkate wa msiba.

Mzee tunayemsema hapo ni Rais wa kwanza. Nchi nzima ilimwita hivyo, Mzee, bila jina lingine, na ukisema Mzee amesema hivi, hakuna mtu angeuliza ni Mzee gani. Alikufa Agosti ya sabini na nane. Miaka hiyo mimi nilikuwa fundi wa akala hapo Makindu, karibu na barabara ya Mombasa. Akala ni viatu vya tairi kuukuu, na kwa tairi kuukuu hakuna mji ulikuwa na baraka kama Makindu, maana malori yalikuwa yanapasua tairi kila siku. Tairi la lori ni gumu. Unalikata kwa kisu kilichopakwa maji, unavuta pole pole, na ukikasirika kisu kinakuja kwa goti. Goti langu la kushoto lina alama tatu. Njaa ikinizidi nilikuwa naenda kula kwa hekalu la Makalasinga, pale msafiri yeyote analishwa bure, dengu na chapati, nawe unavua viatu mlangoni. Mimi nilikuwa nafurahi kuona akala zangu zimepangwa pale na viatu vya ngozi vya wakubwa, kama ndugu.

Lakini nilitaka kusema juu ya baba yangu.

Baba yangu alikaa kwetu, upande wa Mbumbuni, mkulima wa mbaazi na kunde, mtu wa kanisa, mcheshi sana, na mcheshi akiwa baba yako ni shida. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake, kwa hivyo yeye alikuwa ananiita mimi baba. "Baba, lete jembe. Baba, umelala?" Nilipoanza ufundi nikamtengenezea akala, kazi yangu ya kwanza nzuri, nikampelekea mwenyewe sokoni Mbumbuni, mbele ya wazee wenzake. Akavaa moja. Akavaa ya pili. Akatembea hatua mbili, akasimama, akaangalia chini.

"Baba," akaniambia, "mimi nina miguu miwili ya kushoto?"

Nilikuwa nimekata zote mbili kwa kipimo kimoja. Kushoto na kushoto. Wazee walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Na yeye, kwa sababu aliona wanacheka, akaendelea: "Mwacheni. Huko Makindu bado wanamfundisha kushoto. Kulia atafundishwa mwaka ujao." Tangu hapo soko lote likaniita Wa Kushoto, hata watoto.

Unaweza kusema hicho ni kitu kidogo. Ni kidogo. Lakini mimi niliacha shule darasa la tatu, na wenzangu walikuwa makarani, na hizo akala ndizo zilikuwa cheti changu. Nikapanda lori siku hiyo hiyo bila kula kwa mama. Nikajiapia kwamba sitarudi mpaka niwe na jozi ambayo hata yeye atakosa la kusema. Miezi saba sikuenda nyumbani. Ulipofika wa nne hivi nikasikia baba anakohoa. Wa sita nikasikia hatoki nje. Kila mara nilijibu: mwambieni nakuja, namalizia akala zake.

Sasa wewe unayesoma utauliza, akala zinachukua siku ngapi? Zinachukua asubuhi moja. Nilikuwa namngoja yeye aseme pole kwanza. Na mzazi haombi mtoto pole, hilo nililijua vizuri kuliko kukata tairi. Kitu kingine kilikuwa kinanisumbua. Sisi tunaogopa kiumo, yaani neno ambalo mzazi anakuachia akiwa karibu kufa. Likiwa zuri utalala. Likiwa baya hata mahindi yako hayaoti. Ndiyo maana mtoto wa kwanza anapaswa kuwa karibu, asikie kwa masikio yake, halafu awe wa kwanza kutupa udongo kaburini. Nilikuwa najua haya yote na bado niko Makindu.

Siku yenyewe, Jumanne, niliamka nikasema leo nazimaliza, kesho naenda. Hiyo ni kweli, Mungu anajua, ingawa hakuna shahidi mwingine. Nilikuwa na kamba ya katani yenye mafundo mawili, kipimo cha mguu wake. Nikakata wa kushoto. Nikageuza kipimo, nikakata wa kulia, nikaziweka chini pamoja zikatazamana vizuri kama mikono ya mtu anayeomba. Nilikuwa napiga misumari ya mikanda, redio ya duka la jirani ilipoanza kuimba nyimbo za kanisa. Si Jumapili. Mwenye duka akatoka nje ameshika kitambaa cha kupangusia kaunta, akasema tu, "Mzee amekufa." Akarudi ndani akaanza kufunga mbao za dirisha.

Mji ulinyamaza. Hata turnboi, wale utingo wa malori, waliokuwa wanatukanana stejini walinyamaza. Watu wakawa wanapita wakiambiana maneno hayo hayo: Mzee amekufa, funga kazi, uende nyumbani. Mimi nilisikia hayo labda mara kumi.

Ilikuwa kama saa kumi, lori la mbaazi kutoka upande wetu likasimama. Juu ya magunia alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, aliyekuwa akinunua mbaazi Mbumbuni na kuziteremsha barabarani mpaka Kibwezi. Kikamba hakujua, na mama yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza na kununua, lakini walikuwa wanapatana. Aliniona, akainama kutoka juu, leso yake kichwani imejaa vumbi.

"Fundi! Mama yako amenituma. Mzee amekufa. Anasema ufunge kazi uende nyumbani."

Nikamwambia, "Najua, mama. Tumesikia."

"Umeshasikia? Nani amekuambia?"

"Redio."

Labda alifikiri sisi ni watu wakubwa, tunatangazwa. Siku zile watu walikuwa wanalipia tangazo la kifo kwa redio, kwa hivyo inawezekana. Akasema, "Haya. Pole sana, fundi."

"Pole na wewe pia," nikamjibu. "Pole kwetu sote."

Akaniangalia vile unaangalia mtu ambaye msiba umemchanganya kidogo. Dereva akapiga honi, wakaondoka. Yeye habari ya Rais aliipata Kibwezi. Juu ya magunia hakuna redio.

Nami nikatii. Nikafunga kazi, nikaenda nyumbani. Nyumbani, yaani chumba changu cha mabati nyuma ya stesheni, nikaziweka zile akala mpya chini ya kitanda. Nikawaza, mama naye amekuwa mtu wa serikali, ananitumia salamu za Rais. Kwenda Mbumbuni nikaahirisha, maana niliona si adabu kusafiri na viatu vipya taifa likiwa kwa matanga.

Wiki hiyo tulishinda nje ya lile duka tukisikiliza redio. Nililia. Sijui kwa nini nililia vile, mimi Rais nilimwona mara moja tu, mkono wake na usinga vikipita kwa gari. Siku ya Alhamisi hasa, saa nane za mchana, nililia mpaka mwenye duka akanicheka.

"Wewe! Unalia kama baba yako ndiye amekufa."

Nikamwambia, kwa hasira, "Si ni Baba wa Taifa?"

Alhamisi, saa nane za mchana. Baadaye niliuliza saa. Ndiyo saa walikuwa wanamzika.

Yule mama wa mbaazi alirudi Jumatatu. Safari hii aliteremka, akaja na gunia tupu begani, akanikuta nimekaa na kisu changu.

"Umerudi haraka hivyo? Hukukaa hata na mama siku mbili tatu?"

"Kurudi kutoka wapi?"

"Kuzika."

"Kuzika nani?"

"Mzee."

Nikamcheka kidogo. "Mama, Mzee hajazikwa. Redio imesema ni Alhamisi hii, Nairobi."

"Amezikwa Alhamisi iliyopita," akasema. "Mimi nilifika jioni nikakuta watu bado wako. Nilikunywa chai kwenu."

"Hajazikwa, mama. Bado watu wanapanga mstari kumwona."

Tulibishana hivyo, yeye na wake na mimi na wangu, mpaka yeye akaacha. Gunia likamwanguka begani. Akaketi kwenye tairi langu, mtu msafi vile, na akashika mkono wangu uliokuwa na kisu.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwa nasema juu ya baba yako."

Nimesahau nilivyofika. Nakumbuka nilikuwa nimeshika zile akala mkononi, kila mtu kwenye lori akiniuliza ni bei gani.

Nyumbani ndugu yangu mdogo ndiye alitoka kunilaki, na hakunipa mkono. "Tulikungoja mpaka jua likavuka utosi," akasema. "Mama alikaa kando ya barabara. Kila lori likija alisimama. Mchungaji akasema hawezi kungoja tena, nikatupa udongo mimi. Watu wakasema, ameambiwa baba amekufa na akasema najua."

"Nilifikiri ni Rais."

Alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka vibaya, ameshika mti wa ua, na kicheko kikageuka kilio, akaenda nyuma ya nyumba. Wajomba hawakucheka. Mmoja wao mpaka anaingia kaburini hakuamini. Alisema uongo wa namna ile hata mtoto hawezi kuutunga, na mimi nilitaka kumwambia, ndiyo maana ni kweli.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mbaazi. Sikujua nianzie wapi, nikamweleza tu neno kwa neno, mimi nilisema nini na yule mama alisema nini. Akaacha ungo.

"Sasa mimi ningesema nini?" akasema. "Nimemwita Mzee tangu nikuzae wewe. Jina lake silitaji. Huyo mwingine mimi nilisahau kama naye anaitwa hivyo."

Nikauliza lile nililokuwa naogopa, kama baba aliacha neno. Akasema usiku wa mwisho aliuliza mara mbili: "Wa Kushoto amefika?" Mara ya tatu hakuuliza.

"Alisema akicheka ama akikasirika?"

"Alikuwa anakohoa," mama akasema. "Sikuweza kujua."

Akainuka, akatoa kitu nyuma ya mtungi wa maji. Zilikuwa zile akala mbili za kushoto. Nilidhani alizitupa siku ile ile sokoni. Zilikuwa zimeisha. Tairi la lori, ambalo huenda Mombasa na kurudi, lilikuwa limeisha kisigino mpaka nyuzi zinaonekana. Ile iliyovaliwa mguu wa kulia ilikuwa imelika upande mmoja tu, upande wa nje, na mkanda wake ulikuwa umeshonwa upya kwa katani, mshono wa mtu asiye fundi.

"Zilikuwa zinamuumiza," mama akasema. "Nikamwambia avue, akakataa. Alikwenda nazo hata kanisani."

Zile mpya nilimwachia ndugu yangu. Zilimtosha. Hizo kuukuu ninazo, na mke wangu ameuliza mara nyingi ni za nini, akala za mguu mmoja, na nimemwambia ni kipimo.