Taka za Mgeni Rasmi

Mtaani kwetu, jirani na chuo, hata mbu wakioana mimi nitajua. Jumamosi, siku ya usafi, nilimshuhudia mwenyekiti wa mtaa akiamuru mkokoteni wa taka umwagwe tena barabarani, mbele ya banda la mama muuza supu.

"Shikamoo mama. Vumilia kidogo."

"Marahaba. Si tumezizoa tangu alfajiri hizi? Wateja wangu wanywe supu na nzi?"

"Sasa mgeni rasmi atafagia nini, mama?"

Wanachuo wakaziba pua, wakahamia banda la pili. Mheshimiwa akaja saa sita, akafagia mara tatu kwa ufagio mpya, akapigwa picha, akaondoka. Mama akaomba aachiwe ule ufagio azizoe zile taka.

"Huo wa ofisi, mama," alijibu mwenyekiti, akiufuta vumbi kwa leso.

Basi kilichosafishwa siku ile ni ufagio.