Vitanda vya Umeme kwa Zahanati Isiyo na Maji

Jemima amewageuza wazee wa watu vitandani kwa miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya kulelea wazee kule Bordesley Green, Birmingham, Uingereza, na kama kuna kitu anachokijua duniani ni kitanda cha umeme. Umeme ukikatika, kitanda hicho hakipandi wala hakishuki. Ni chuma kizito tu chenye magurudumu. Basi chama cha Wakenya wenzake kilipoamua kusafirisha kontena la vitanda ishirini vya namna hiyo, vikuukuu, hadi zahanati ya kijijini kwao, ambako umeme huonekana kwa nadra kama mbunge, roho ilimuuma.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Alfayo, ana moyo mkubwa, hasa kukiwa na mpiga picha. Kwenye harambee yake pale Kings Heath watu walikula mbuzi, wakavaa fulana mpya zenye nembo, wakamvisha mgeni rasmi shada la maua, yote kwa ajili ya akina mama wanaojifungua. Zikatengwa na nauli za wanakamati watatu, maana kontena haliwezi kujikabidhi lenyewe.

Jemima naye aliahidi pauni mia mbili. Kisha akampigia simu binamu yake Rita, nesi wa zahanati hiyo. Rita akamwambia kwamba tangi la maji lilipasuka tangu mwaka jana, na mama mwenye uchungu huja na dumu lake. Asiye na dumu hujifungua hivyo hivyo.

Mkutano uliofuata, Jemima akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kuna mtu amemuuliza nesi anahitaji nini?"

"Swali zuri, dada yetu. Wacha tumuulize hapa hapa, live!"

Simu ikawekwa mezani, sauti juu, watu arobaini wakisikiliza.

"Nesi Rita, hapa ni Birmingham, committee nzima. Hivi vitanda tunawaletea, mnavihitaji ama hamvihitaji?"

"Tunavihitaji sana, mzee. Mungu awabariki. Hata hatujui tuseme nini."

Makofi yakalipuka. Jemima alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijilaumu mwenyewe: mtu aliyelelewa vizuri kwao atamwambiaje mgeni, mbele ya kadamnasi, kwamba zawadi yake haina kazi? Kabla hajafika kituo cha basi, ujumbe uliingia: "Dada, ulitaka nijibu nini mbele ya wazee? Maji bado."

Jumatatu alikwenda Sparkhill, kwenye duka la kutuma pesa, akamtumia Rita zile pauni mia mbili alizoahidi. Tangi lilifika Alhamisi juu ya pikapu, bila mgeni rasmi wala fulana. Kontena, kwa upande wake, lilikwama bandarini kwa ajili ya ushuru, na harambee ya ushuru ikaitishwa upesi, na mbuzi wengine wakachinjwa.

Hapo ndipo Mzee Alfayo alipowasoma kwa majina waliokosa kutimiza ahadi. Jemima alikuwa wa kwanza. Angeweza kusimama akaeleza, lakini angemwanika Rita kuwa mwongo mbele ya watu wote.

"Tuwaombee ndugu zetu hawa," alisema mwenyekiti, akifumba macho. "Bwana awalainishe mioyo, wawakumbuke akina mama wa nyumbani."

Jemima akainamisha kichwa, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.