Jibu la Nusu

Filimbi alistaafu urefa wa mpira wa kikapu umri ulipofika. Jina hilo alibatizwa na wachezaji, na hata majirani hawakujua lingine. Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Binti yake aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa za "Mama hujambo, nitakupigia baadaye," na hiyo baadaye haikufika.

Waliompigia kweli ni marefa wenye maswali, hasa Nesi, muuguzi wa zahanati aliyechezesha mechi siku zake za mapumziko. Simu yake ikiita, Filimbi huzima redio akaketi sawasawa, kama aliyebishiwa hodi.

Ijumaa moja Nesi aliuliza, "Shangazi, mpira umegombaniwa, mshale wa mezani unaonyesha ni zamu ya wekundu kurusha. Kabla hawajamaliza, mwekundu mmoja anacheza faulo. Zamu yao imepotea?"

"Haipotei. Faulo, iwe ya nani, haigusi mshale."

"Na wakifanya kosa lisilo faulo?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Nesi akishalipata angeaga, na chumba kingekuwa kimya mpaka swali lingine.

"Hilo refu, mwanangu. Nipigie kesho jioni tuliongee kwa nafasi."

Nesi hakumwambia kwamba mechi yake ilikuwa kesho mchana.

Katika mechi hiyo, mwekundu aliyepewa mpira arushe kwa zamu ya mshale alikaa nao mpaka sekunde tano anazoruhusiwa zikapita. Nesi akawapa wapinzani mpira, sawa kabisa, ila mshale akauacha kwa wekundu. Kumbe kosa la namna hiyo hupoteza zamu, na mshale hugeuzwa kwa wapinzani. Mpira ulipogombaniwa tena, wekundu wakapewa, wakafunga, wakashinda kwa kikapu hicho. Kocha wa wapinzani akakata rufaa. Nesi akaondolewa kwenye fainali aliyopangiwa kuchezesha.

Habari zilipomfikia, Filimbi alishindwa kula. Safari hii akapiga yeye.

"Mwanangu, jibu nilikuwa nalo. Nilikuficha ili unipigie tena."

"Shangazi, si ungesema tu nije kukuona?"

"Ningeanzia wapi?"

"Haya. Nina wagonjwa." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

Wiki zikapita. Halafu Jumapili moja Nesi alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai nusu kikombe. Waliongea habari za mvua na bei ya sukari. Kuhusu sheria hakuuliza. Siku hizi alijisomea mwenyewe.

Filimbi alimsindikiza hadi kituoni. Alitaka kumwambia aje tena, lakini basi lilishafika, na Nesi akapanda.