Nilitengeneza mwenyewe gari linalovuja maji, halafu nikaenda nalo ukweni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Mashahidi wapo, na wengi wao bado hawajamaliza kucheka.

Kwa wasionijua: shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimeuza dagaa kisiwani Bumbire, nimefyatua matofali, nimebeba mizigo bandarini, na kunyoa nilijifunzia kwenye vichwa vya watu. Ugonjwa wangu ni mmoja. Nikiona kitu kimefungwa, lazima nikifungue. Kukirudisha kama kilivyokuwa ni kesi nyingine.

Gari langu ni Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona injini, unainua kiti kwanza. Kumbukeni hilo mnapomhurumia abiria wa mbele.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Nilikuwa na mchumba, Koku, kwao Kimwani, Muleba huko. Safari ya kwenda kujitambulisha ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili mkosaji nilikuwa mimi. Ya kwanza nilikwama kisiwani. Ya pili nilisahau. Ndiyo, nilisahau, msinitukane.

Safari hii Koku akanitumia ujumbe mfupi: "Baba amesema Jumamosi usipofika usirudi tena kwetu." Hakuweka hata kile kikatuni cha kucheka.

Na wiki hiyohiyo gari likaanza kuvuja. Nikitoka nalo barabarani linarudi linachuruzika, mshale wa joto unapanda hata nikienda sokoni tu. Fundi yupo mtaa wa pili hapo Kashai, Bukoba. Lakini mimi nilikuwa nimeshatazama video nne.

Nikainua viti, nikatandika gunia uani, nikaanza.

Mwenye nyumba wangu, Hajji, alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake, ananitazama.

"Kijana, unatengeneza au unachinja?"

"Natengeneza, Hajji. Ni hozi tu hii, huu mpira wa maji."

"Basi damu yake usiimwage hapa, kuku wangu watakunywa."

Damu yenyewe ni maji ya rejeta. Yalitoka ya kahawia kama chai ya rangi, kutu tupu. Coolant halisi, yale maji maalumu ya kupoza injini, gari hilo nadhani lilikuwa linaisikia kwa majirani tu. Kwa kuwa Hajji alikataza kumwaga, nikayakinga kwenye dumu la njano la lita ishirini. Nikasema yatanifaa safarini, nikaongezea maji ya bomba mpaka likajaa.

Mfuniko wa dumu sikuuona. Nikakata jani la mgomba, nikalikunja, nikaziba mdomo, nikalizungushia tepu nyeusi ya umeme.

Wahaya wenzangu mmeshaanza kushika vichwa. Wengine subirini.

Nikabadilisha hozi ya juu, hozi ya chini, klipu zote na mfuniko wa rejeta. Nikawasha gari likiwa limesimama, nikalisikiliza nusu saa nzima, hakuna tone. Nikapiga picha na spana mkononi, nikaweka status. Watu wakanipongeza. Hajji peke yake ndiye aliyeuliza, "Umelitembeza?"

Nikamwambia halina haja.

Jumamosi asubuhi nikampitia Bamdogo Rweyemamu, ndiye msemaji wangu. Ni mtu wa heshima zake, kanzu nyeupe, koti, fimbo. Yeye ndiye aliyeandaa pombe ya ukweni: madumu mawili ya lubisi, pombe yetu ya ndizi. Na lubisi ikiwa bado inachemka haifungwi kwa mfuniko, dumu litavimba lipasuke. Unaziba kwa jani la mgomba ili ipumue.

Kwa hiyo nyuma ya gari kulikuwa na madumu matatu ya njano, yote yamezibwa kwa jani la mgomba. Mawili ya lubisi, moja la maji ya kutu. Na rangi ya ndani ni hiyohiyo.

Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nasikiliza injini.

Mpaka Muleba mjini mambo yalikuwa shwari. Tukatafuna hata mahindi. Tulipoanza kuelekea Kimwani, Bamdogo akaanza kujiinua upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Mwanangu, hiki kiti kina nini?"

"Ni joto la kawaida, Bamdogo."

"La kawaida kwa nani? Mimi naiva!"

Nikatazama mshale. Ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu kama mtu aliyefika kwao.

Nikasimamisha gari pembeni. Kitaalamu ungoje injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko. Nilijua, video zote nne zilisema. Nikangoja dakika tano, nikafungua. Ule mvuke ulipotoka, mkono wangu wa kulia ulijifunza kile ambacho kichwa kilikuwa kimekataa.

Kwa mkono wa kushoto nikashika dumu la kwanza lililokuwa karibu, nikamimina. Yale maji yangu yalikuwa na tepu nyeusi, mnasema? Wakuu, mtu aliyeungua hakagui tepu.

Iliingia kama lita sita. Halafu rejeta ikaanza kutoa povu, povu nene, likapanda mpaka kwenye viti. Na harufu ikaja. Harufu ya sherehe.

Nikajua nimefanya nini.

Bamdogo alikuwa kavuka barabara anapunga upepo na kofia. "Imekubali?" akauliza kwa mbali.

"Imekubali!" nikajibu.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo. La kumimina lilikuwa bahati mbaya, la kunyamaza nilichagua. Nilihesabu kwamba nikisema, Bamdogo ataamuru turudi Bukoba tukatafute pombe nyingine, na Jumamosi yangu imekwisha. Nikafuta povu kwa gunia, nikaziba dumu na jani lake, tukaondoka. Tulikwenda mwendo wa maiti, madirisha wazi. Bamdogo akasema mara mbili kwamba njia hii watu wanapika pombe sana.

Tulifika tumechelewa kidogo, lakini tulifika. Vijana wa kwao wakapokea mizigo. Wakaona madumu matatu yenye majani, wakayabeba yote matatu ndani. Nilipogeuka, la tepu nyeusi lilikuwa linavuka kizingiti begani mwa mtu.

Wasiojua mila zetu, sikilizeni. Siku hiyo muoaji haongei. Anakaa kwenye nyasi zilizotandikwa, macho chini, msemaji wake anaongea kila kitu. Akifungua mdomo anatozwa faini, na wakwe wanaweza kusema kijana hana adabu, mwende mkamfundishe kwanza. Na jambo la pili: aliyeleta pombe ndiye anayeionja kwanza, kuonyesha kwamba hakuleta sumu.

Bamdogo alisema vizuri sana siku hiyo. Aliomba radhi kwa mara zile mbili, akataja ukoo, akawachekesha wazee. Baba yake Koku, Mzee Kamugisha, ni mtu mwembamba anayetengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi wa visiwani. Hakucheka, lakini alitikisa kichwa cha kukubali.

Kisha dumu likaletwa katikati. Tepu nyeusi.

Nikakohoa.

Bamdogo akanitupia jicho.

Nikakohoa tena, kwa nguvu. Shangazi yake Koku akasema, "Mwana wenu ana kifua?"

"Ni woga tu, waitu, ndugu zetu," Bamdogo akajibu. Wakacheka. Wakamjazia kibuyu. Akakiinua kwa mikono miwili.

Wakuu, nilimwona yule mzee aliyenilea baba alipofariki, amevaa kanzu yake nzuri kuliko zote, anapeleka mdomoni kutu ya gari langu na mabaki ya madawa ambayo sijui nani aliyatia humo miaka ipi. Na nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua kati yake na Koku.

"Bamdogo usinywe! Hayo ni maji ya rejeta!"

Bamdogo akakishusha kibuyu.

Mzee Kamugisha akauliza taratibu, "Ya nini?"

"Ya rejeta, baba."

"Na pombe iko wapi?"

"Ipo, baba. Madumu yale mawili. Ila nyingine..." Nikaonyesha nje kwa kidole. "Nyingine iko kwenye rejeta."

Nyuma ya pazia mtu alicheka kicheko cha kubanwa mpaka kikakatika kama mluzi. Nilikijua kicheko hicho. Kilikuwa cha Koku.

Mzee akasimama, akatoka nje. Sote tukamfuata. Akainua kiti cha mbele mwenyewe, akanusa, akafumba macho. Kisha akalala chini ya gari na kanzu yake, hakuomba hata gunia.

Sauti ikatoka huko chini. "Ulibadilisha nini?"

"Hozi ya juu, hozi ya chini, klipu na mfuniko."

"Na huku nyuma ulitazama?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Kwenye video hawakuonyesha."

Halafu akaniita niingie. Tukalala bega kwa bega, mimi na mkwe wangu. Gari hizi zina mabomba ya chuma yanayopita chini kupeleka maji ya moto kwenye hita ya abiria wa nyuma. Langu lilikuwa limeliwa na kutu karibu na gurudumu. Likisimama halivuji, likitembea na kupata presha linanyunyiza. Mimi nilitengeneza kila sehemu iliyokuwa nzima.

"Kagera hii unapasha joto watu gani?" akauliza.

Akachomoa hozi mbili zinazokwenda nyuma, akaziunganisha kwa kipande cha mpira alichonacho cha injini za mitumbwi, akakaza klipu. Hita ya nyuma ikafa, uvujaji ukafa. Tukaisafisha rejeta kwa ndoo za maji ya kisima mpaka povu likaisha. Kazi nzima haikufika saa moja.

Tuliporudi ndani, shangazi alikuwa amehesabu maneno yangu kwa vidole. Bamdogo, usinywe, hayo, ni, maji, ya, rejeta. Saba. Faini, mkungu mmoja wa ndizi kwa kila neno. Ya baadaye akayasamehe kwa sababu niliulizwa.

Mzee Kamugisha akasema maneno machache. "Binti nimetoa. Ila hilo gari halitambeba."

Wakati wa kurudi tulikuwa tumeshapita Muhutwe. Bamdogo akasema, akitazama mbele, "Ningeyanywa."

"Ungeyatema, Bamdogo."

"Mbele ya wakwe? Ningemeza, na ningesema ni tamu." Akanigeukia. "Siku nyingine niambie njiani. Tungerudi, wangetusubiri au wasingetusubiri."

Mkono ulikuwa unauma, lakini si huo uliokuwa unauma zaidi.

Nilichojifunza: gari likivuja, litembeze kwanza ndipo ujisifu. Fuata maji mpaka yanakotoka, usibadilishe unachokifahamu ukaacha usichokifahamu. Injini ya moto usiifungue, hata kama una haraka ya kuoa. Na ukiharibu, sema palepale barabarani, kabla hakijafika mdomoni mwa mtu.

Tulioana. Mikungu saba niliipeleka. Na neno la mzee halijabadilika: tukienda Kimwani, mke wangu anapanda basi, mimi nafuata nyuma na Noah peke yangu. Yeye ndiye anayefika kwanza, na nikiingia uani nakuta wameshaanza kucheka.

Sasa nyie mafundi na nyie wa video kama mimi, semeni. Nani mwingine ametengeneza upande uliokuwa mzima? Na mwenye maneno ya kumlainisha mkwe aniruhusu kumbeba binti yake, ayaweke hapa, nayahitaji kabla ya mwezi kuisha.